Timazi ya mwashi na ramani ya Magara

Tangu Ziwa Tanganyika lifurike mwaka 2020 na kuingia majumbani katika mwambao wa Rumonge, ramani ya Magara, iliyo kwenye mwambao huo, imekuwa suala la nani abaki na nani ahame. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 imetenga ukanda wa mita 150 kandokando ya ziwa. Pale ardhi inapopanda mita 1 kwa kila mita 100, ramani ikikosea kimo kwa nusu mita tu, mstari wa maji unasogea mita 50, theluthi nzima ya ukanda huo. Kosa la namna hiyo huweza kuanzia kwenye lenzi ya droni inayopiga picha za ramani, na nashikilia kwamba dawa yake imesimama ufukweni penyewe: kuta na mapaa ya watu.

Majengo yalikuwapo tangu mwanzo wa upimaji kwa picha. Mwaka 1858 Mjerumani Albrecht Meydenbauer, akipima kanisa kuu la Wetzlar, aliponea chupuchupu kuanguka, ndipo akawaza kupima kwa kutumia picha. Mwaka 1971 Mmarekani Duane Brown alionyesha kuwa nyuzi zilizoning'inizwa kwa timazi hufichua upotofu wa lenzi: uzi umenyooka, basi ukitokea umepinda pichani, iliyoupinda ni lenzi. Ukingo wa paa la bati hutoa ushahidi uleule. Katikati ya picha umenyooka. Ukiangukia pembeni, unabetuka kidogo.

Wapo watakaouliza kuta za nini, ikiwa droni za leo zina GPS ya sentimita. GPS hueleza kamera ilikuwa wapi, haielezi lenzi imepindisha nini. Picha zote zikipigwa wima, kutoka kimo kimoja, juu ya tambarare, programu inayounda ramani huchanganya upotofu wa lenzi na umbo la ardhi. Watafiti James na Robson walionyesha mwaka 2014 kwamba ardhi tambarare huweza kutoka imevimba kama kuba. Kamera ikiinamishwa, ukuta ukaonekana kuanzia msingi hadi paa, mkanganyiko huo hupungua sana. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kuta za matofali mabichi huinama, hasa zilizokaa majini. Ni kweli, na ndiyo sababu nyumba moja haiaminiwi peke yake: kosa la lenzi hujirudia katika kila picha, la mwashi hubaki kwenye ukuta wake. Halafu kuna ziwa. Siku isiyo na upepo uso wake ni sawa, kwa hiyo ukingo wa maji ukitokea kwenye ramani juu zaidi upande mmoja wa ufuko, kamera hiyo bado haijarekebishwa.