Wenyeji na Kazi ya Kuponya Ufuko wa Ziwa Tanganyika

Chama Kikuu chetu kinatimiza miaka 10, na katika kijitabu hiki wenzetu wameandika habari za mazao, za mizani na za ghala. Sisi tumeona yafaa kuandika habari za kitu kisichopimwa kwa mizani, nacho ni ukingo wa ziwa letu na watu walioshika jembe ili kuuponya. Twaandika kwa sababu kazi hiyo ni ya mkulima kama ilivyo ya mvuvi, na kwa sababu lipo swali moja ambalo historia yake inatuachia sisi tulijibu.

Kila mwanachama alijua Ziwa Tanganyika tangu utoto, lakini si vibaya kukumbushana. Ni la pili kwa kina duniani, likishuka hadi karibu meta 1,470, na nchi nne hulichangia: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Upande wetu, kutoka Kigoma kwenda kaskazini, milima imesimama juu ya maji kama ukuta. Kwa hiyo hakuna mpaka baina ya shamba na ufuko. Mti ukikatwa mlimani, mvua ya masika huuchukua udongo, korongo huupokea, nao hautulii mpaka umefika ziwani. Huko hufunika mawe ambayo samaki wa pwani hula ukoga wake na kuficha watoto wao. Hasara ni mbili kwa tendo moja: mkulima amepoteza rutuba, na mvuvi amepoteza mazalia.

Ziwa lenyewe hupanda na kushuka kwa amri isiyo yetu. Stanley alipokutana na Livingstone Ujiji mwaka 1871, maji yalikuwa karibu na mji kuliko yalivyokuwa baadaye. Karibu na mwaka 1878 yalipata njia ya kutokea kwa mto Lukuga, upande wa Kongo, yakateremka sana. Tena mwaka 2020 na 2021 tuliyaona yakipanda na kufunika mialo na nyumba za ufukoni. Basi maji yakiondoka huweza kurudi. Udongo ulioondoka mlimani haurudi. Hapo ndipo ilipo sababu ya kazi tunayoieleza.

Sasa tutazame habari za mikono. Kwa muda mrefu mikono ya Kigoma ilijenga mali ya mahali pengine. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Meli ambayo leo twaiita Liemba ililetwa kwa vipande kutoka Papenburg, Ujerumani, ikaunganishwa hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Ufundi ulikuwa wa wageni, na mwenyeji alikuwa mchukuzi. Baadaye reli ile ile ikawa njia ya manamba. Vijana wa Uha waliandikishwa, wakapanda gari la moshi kwenda kukata mkonge Tanga na kwingineko, na tangu mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walikuwa na ofisi maalum ya kuwatafuta. Wengine walirudi na shuka na baiskeli, wengine hawakurudi. Waliobaki nyumbani hawakufundishwa lolote juu ya kuutunza mlima.

Wala kufundishwa kwa amri hakukuwa dawa. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilitaka udongo uhifadhiwe kwa nguvu ya sheria. Huko Uluguru wakulima walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani, wasione faida yake, na mwaka 1955 wakainuka kuyakataa. Shabaha ya kuzuia mmomonyoko haikuwa mbaya. Ubaya ulikuwa kwamba mwenye mlima aligeuzwa mtumwa wa kazi ya mlima wake mwenyewe. Tulikumbuke jambo hili kila tunapotaka kumwamrisha jirani.

Mfano mwingine, ulio mwema, ulianza karibu nasi bila mtu kuukusudia. Mwaka 1960 Jane Goodall alifika Gombe kuwachunguza sokwe, na mwaka 1968 msitu huo ukafanywa Hifadhi ya Taifa. Wachunguzi wengi wa mwanzo walikuwa wanafunzi kutoka ng'ambo, lakini wenyeji nao walianza kuajiriwa, na Hilali Matama alikuwa miongoni mwa waliotangulia. Mwezi Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa usiku kutoka Zaire, wakawateka wanafunzi wanne. Wanafunzi hao waliachiliwa baadaye, lakini wageni wakaondoka, na ilidhaniwa kazi imekwisha. Haikukoma. Watanzania waliotoka katika vijiji vya jirani waliendelea kwenda msituni kila siku, wakiandika kwa Kiswahili walichokiona, na daftari halikukatika. Ilidhihirika hapo kwamba aliyefundishwa kazi kwao haondoki na meli.

Wakati huo, lakini, milima ya nje ya hifadhi ilikuwa ikivuliwa nguo. Watu waliongezeka, wakimbizi kutoka Burundi waliingia mwaka 1972 na tena mwaka 1993, mashamba yakapanda mpaka penye mteremko usiofaa jembe, na kuni na mkaa vikatafutwa kote. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Goodall aliruka kwa ndege ndogo juu ya Gombe, akaona kisiwa cha miti katikati ya milima mitupu. Mwaka 1994 taasisi yake ilianzisha mradi ulioitwa TACARE, wa kurudisha miti katika mabonde yanayotiririsha maji ziwani. Kikundi kidogo cha Watanzania, ambacho baadaye kiliongozwa na Bwana Emmanuel Mtiti, kiliingia katika vijiji 12 kikiuliza kwanza wananchi wanataka nini. Jibu halikuwa miti. Wananchi walitaja chakula, zahanati na shule. Mradi ukakubali jibu hilo, na miti ikaja pamoja na hayo.

Nguvu kazi ilijengwa hatua kwa hatua. Kwanza walipatikana watunza vitalu, mmoja mmoja kila kijiji, wakajifunza kuchagua mbegu, kujaza viriba, kumwagilia na kuhamisha miche kwa wakati wa mvua. Kisha wakulima wakafundishwa kupanda kwa kufuata kontua na kuchanganya miti na mazao. Kina mama waliunda vikundi vya kuweka na kukopa, wakatengeneza majiko yanayotumia kuni chache. Wakulima wa kahawa wa Kalinzi walisaidiwa kupata wanunuzi wa nje waliothamini kahawa bora, na hapo wengi wetu tulifahamu kwamba mlima uliofunikwa huweza kuwa na faida mfukoni.

Lakini somo kubwa lilikuwa la visiki. Mahali pengi katika miombo mti uliokatwa haujafa, mizizi yake ingali hai. Ukizuia moto na shoka, kisiki huchipua, na baada ya miaka michache huwa mti tena bila gharama ya mche. Basi kazi iliyotakiwa zaidi ikawa ulinzi, na ulinzi hauagizwi kutoka mbali. Nani atajua moto umeanza upande gani wa kijiji, ila yeye akaaye pale?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ziliwapa wanakijiji uwezo wa kutenga misitu yao wenyewe. Wazee na vijana walioneshwa picha za setilaiti za vijiji vyao, wakatambua kwa kidole njia, chemchemi na hata mti mmoja mmoja, wakachora mpango wa matumizi ya ardhi. Kufikia mwaka 2009 vijiji 13 kandokando ya Gombe vilikuwa vimekamilisha mipango hiyo na kutenga karibu hekta 9,700 kuwa misitu ya vijiji. Kisha vijiji vikachagua walinzi wao wa misitu. Hawa hupita milimani wakiwa na simu, na kila wanapokuta kisiki kipya au moto au alama ya mnyama huingiza habari pamoja na mahali pake. Mjukuu wa manamba amekuwa mpima nchi.

Kusini, katika vijiji vya ziwani karibu na Mahale, mradi wa Tuungane ulianza katika miaka ya 2010, ukawapa wavuvi mafunzo ya kulinda mazalia ya samaki kwa vikundi ambavyo watu huviita BMU. Na serikali ilipofunga uvuvi wa ziwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ilionekana wazi kwamba amri kama hiyo huhitaji watu wa mwaloni wanaoielewa na kuisimamia.

Ndugu wanachama, hapa ndipo swali letu lilipo. Mradi huwa na mwanzo na mwisho wake. Mfadhili humaliza muda, gari huondoka, na mlinzi wa msitu hubaki na simu na familia. Akiwa hana posho, atalinda siku mbili, na siku ya tatu atakwenda kutafuta kibarua. Hatumlaumu. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa, nasi tumezoea kumshangilia mcheza kwetu bila kumtuza. Tukimwacha hivyo, ujuzi uliopatikana kwa miaka 30 utapanda gari la moshi kama walivyopanda babu zetu.

Twafikiri ushirika unaweza kujibu. Vyama vya msingi hununua miche ya kahawa, ya michikichi na ya kivuli kila mwaka; basi vinunue kwa watunza vitalu wa vijiji vyetu, kwa mapatano ya maandishi na bei iliyojulikana mapema. Kila chama kiweke daftari la wanachama waliofundishwa kupima kontua, kutunza kitalu na kulinda msitu, ili miradi ijayo iajiri hapa kabla ya kuajiri kwingine. Na mkutano mkuu ujadili kama sehemu ndogo ya ziada ya mwaka yaweza kutengwa kwa ajili ya posho ya walinzi, maana maji na udongo wanaoulinda ni mtaji wetu, ingawa haujaandikwa katika mizania.

Hayo si mapya wala hayahitaji mtaalamu kutoka mbali. Tuliungana ili mkulima asipunjwe kwenye mizani. Na tusimpunje basi anayetuhifadhia shamba lenyewe, ili kijitabu cha miaka 20 kitakapoandikwa, waandishi wake wakute milima imefunikwa, na majina ya walioifunika yamo katika daftari la malipo.