Kuosha picha
Anayepeleka mkanda studio bado husema anakwenda "kuosha picha". Kuosha kwenyewe, hata hivyo, huja karibu na mwisho: kabla yake kuna dawa ya kuitoa picha na nyingine ya kuidumisha isiharibiwe na mwanga. Neno limesifu sehemu rahisi! Tena hakuna dawa ya kuosha tabia ya lenzi. Lenzi ya Tessar, aliyoibuni Paul Rudolph wa kampuni ya Zeiss mwaka 1902, ina vioo vinne. Nyingi za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia hazikupakwa utando wa kupunguza mng'ao. Ielekeze mojawapo kwenye jua la asubuhi juu ya mashamba ya chai ya Chepseon, weusi utageuka kijivu. Wengine huuita ukijivu huo kasoro. Mimi nauita mtindo, mradi mpiga picha aliukusudia.