Vitabu vya Vizazi na Vifo katika Kenya ya Kikoloni

Mtu atakaye kuandika nasaba ya jamaa zake katika Kenya aghalabu huanza kwa kwenda afisi ya serikali kuuliza habari za kuzaliwa kwa babu yake. Mara nyingi huambiwa kwamba hapana kitu. Jibu hilo huweza kumvunja moyo, akadhani kuwa wazee wake hawakuacha alama yo yote. Lakini kabla ya kukata tamaa yampasa aulize: je, serikali ile ilitaka kumjua babu yake kwa sababu gani?

Kanuni za kwanza za kuandikisha vizazi na vifo zilitolewa mwaka 1904. Ziliwalazimisha Wazungu na Wamarekani tu. Kisha Wahindi nao wakaingizwa. Sheria kubwa ya mwaka 1928 iliweka mpango kamili, ila Mwafrika aliendelea kuzaliwa na kufa pasipo kuandikwa. Yeye alifikiwa na sharti hilo wilaya baada ya wilaya, kuanzia mwaka 1963 hadi 1971. Basi anayemtafuta mzazi aliyezaliwa Nyeri au Machakos mwaka 1925 asishangae kukuta ukurasa mtupu.

Hata hivyo babu huyo huyo aliandikwa kwa njia nyingine. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutumika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimtaka kila mwanamume Mwafrika mtu mzima achukue kipande. Humo mliandikwa jina lake, kabila lake na wilaya yake, pamoja na alama za vidole. Tena majina ya waajiri, mishahara, na siku za kuanza na kuacha kazi. Karatasi hiyo ilitiwa katika kibweta cha chuma, ikaning'inizwa shingoni. Kusudi lake lilikuwa kumzuia mfanyakazi asitoroke, na kwa hiyo watu waliichukia sana. Lakini kwa mtafiti wa leo, kipande kilichohifadhiwa sandukuni huonyesha safari ya mtu kutoka shamba hadi shamba. Umri ulioandikwa humo usiaminiwe upesi, kwani mara nyingi ulikadiriwa kwa macho. Ni afadhali kuupima kwa rika la tohara au kwa jina la njaa, kama vile ile ya miaka 1898 hadi 1900 ambayo Wagikuyu huiita Ruraya.

Pwani pana hazina nyingine. Ndoa na talaka za Waislamu zilianza kuandikishwa kwa sheria ya mwaka 1906. Huko Rabai, palipoanzishwa misheni mwaka 1846, na Frere Town, mji wa watumwa walioachwa huru uliojengwa mwaka 1875, vitabu vya ubatizo ni msaada mkubwa. Ila mtafiti akumbuke kwamba jina la ubatizo huweza kulifunika jina ambalo mtu alipewa na mama yake.

Na mama huyo je? Kipande hakumpata, na hata sheria ya vitambulisho ya mwaka 1947 iliwahusu wanaume peke yao. Wanawake waliingizwa mwaka 1978. Kwa hiyo upande wa kuukeni hauna budi kutafutwa kwa bibi na mashangazi, maadamu wangali hai.

Jambo hili si la udadisi tu. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi mashambani zamani za ukoloni, waliishi miaka mingi bila uraia. Mwaka 1916 wangeulizwa nguvu zao. Mwaka 2016 waliulizwa hati zao, nao wakaenda kwa miguu hadi Nairobi kudai haki, mpaka wakatambuliwa. Wanafunzi wetu wanaokusanya nasaba leo wasikome basi kwenye daftari la vizazi. Waandike pia ni nani aliyeachwa nje ya daftari hilo, na kwa amri ya sheria gani.