Breketi ya taa za ziada

Breketi ya taa za ziada ni kipande cha chuma, mara chache alumini, kinachoshikilia spotlaiti au taa za ukungu mbele ya gari ambalo halikutoka nazo kiwandani. Aina inayozungumziwa hapa ni ile ambayo fundi huitengeneza kwa kipimo cha gari moja, ama kwa kuwa breketi ya dukani haikai, ama kwa kuwa bei yake inamshinda mwenye gari. Ni kifaa kisicho na sifa. Katika picha za mashindano ya magari taa huonekana na jina la kampuni iliyoitengeneza husomeka vizuri, huku breketi ikiwa imejificha nyuma. Hata hivyo taa ghali iliyofungwa kwenye breketi inayotikisika humsaidia dereva kidogo kuliko taa ya kawaida iliyotulia.

Historia

Taa za ziada zilipata umaarufu Ulaya, hasa katika mashindano yaliyokimbiwa usiku milimani. Cibié ya Ufaransa, iliyoanzishwa mwaka 1919, ilishindana na Marchal, Lucas ya Uingereza na Hella ya Ujerumani katika soko hilo. Balbu ya H1, ya kwanza ya halojeni kwa magari, ilitoka mwaka 1962, na tangu hapo taa ndogo iliweza kutoa mwanga ambao awali ulihitaji taa kubwa kama sinia.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha mashindano ya Monte Carlo ya mwaka 1966. Mini Cooper S tatu za Timo Mäkinen, Rauno Aaltonen na Paddy Hopkirk zilishika nafasi tatu za mwanzo, kisha zikafutwa matokeo yake. Kosa lilikuwa taa. Taa zake kuu zilitumia balbu za halojeni zenye uzi mmoja, ambazo haziwezi kushusha mwanga; dereva alipokutana na gari jingine alizima taa kuu na kubakia na taa za ziada za mbele. Waamuzi walisema huko si kushusha mwanga kwa mujibu wa kanuni. Ford Lotus Cortina ya Roger Clark, iliyokuwa ya nne, nayo ilikatwa, na ushindi akapewa Pauli Toivonen aliyeendesha Citroën DS. Waingereza walilichukulia jambo hilo kuwa uonevu wa wazi, na ni vigumu kuwalaumu.

Afrika Mashariki taa za ziada zilikuwa na kazi nyingine kabisa. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kuanzia mwaka 1973 hadi 2002 yalikuwa katika ratiba ya ubingwa wa dunia. Barabara hazikufungwa. Dereva alikutana na malori, baiskeli, ng'ombe, twiga na mabasi ya abiria, na mara nyingi vumbi lilimficha kila mmoja wao. Kwa hiyo gari la Safari lilitambulika kwa mbali: mbele lilikuwa na ngao ya mabomba iliyobeba taa kubwa, na juu ya fenda, karibu na kioo cha mbele, zilisimama taa mbili nyingine zilizowashwa hata mchana. Hizi za juu hazikuwekwa ili dereva aone, bali ili aonekane.

Breketi za taa hizo za fenda ndizo zilizowasumbua mafundi wa timu. Fenda ni bati jembamba. Taa ikifungwa juu yake bila kitu chini, bati hupasuka kuzunguka bolti baada ya saa chache za makorongo. Tiba yake ni kushusha mguu wa breketi hadi kwenye chuma cha ndani cha bodi, au kuweka bamba pana chini ya bati ili mzigo usambae. Njia hiyohiyo bado hutumiwa na mafundi wa mitaani, iwe wamepata kuona gari la Safari au la.

Chuma na umbo lake

Kinachotumika zaidi ni flatibaa ya chuma cha kawaida, yenye unene wa milimita 5 au 6 na upana wa milimita 40 hadi 50. Unene si jambo la kubahatisha. Ugumu wa kipande bapa dhidi ya kupinda huongezeka kwa mchemraba wa unene wake, kwa hiyo flatibaa ya milimita 6 ni ngumu mara 8 kuliko ya milimita 3 yenye upana uleule. Urefu nao hufanya kinyume: mkono wa breketi ukirefushwa mara mbili, ugumu wake hupungua hadi sehemu moja ya nane. Fundi anayejua hili hapendi mikono mirefu, na pale anapolazimika hutumia chuma cha engo, au huchomelea kipande cha pembetatu kwenye kona.

Sababu ni mtetemo. Breketi ikipinda kwa nyuzi 1 tu, mwanga unaofika mita 200 mbele hupanda au kushuka kwa takriban mita 3.5. Katika barabara ya kokoto mwanga wa namna hiyo hucheza mfululizo, macho huchoka, na dereva hulaumu taa. Taa kubwa za mashindano huwa na shina la pili linalotoka juu ya kopo la taa hadi kwenye shoo au boneti. Wengi hulidhani pambo, na ni kosa, kwa sababu ndilo linalozuia taa kutikisa kichwa.

Alumini ni nyepesi na haishiki kutu nyekundu, lakini ina masharti yake. Aina ya 6061 iliyokwisha kuimarishwa kwa joto hupasuka ikikunjwa kona kali, wakati 5052 hukunjika bila matatizo. Pia alumini ikigusana na bolti za chuma kisichoshika kutu, na hewa ya chumvi ikiwepo, alumini huliwa taratibu kuzunguka tundu. Mombasa, Tanga na Zanzibar hali hii si nadharia.

Utengenezaji

Kazi huanza na katoni. Fundi hukata kipande cha boksi, hukishikilia mbele ya gari, hukikunja pale ambapo chuma kitakunjwa, na hukirekebisha kwa mkasi hadi kikae. Hatua hii hudharauliwa na wenye haraka, nao ndio wanaorudi dukani kununua flatibaa ya pili.

Swali kubwa ni breketi ishike wapi. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, inayotengenezwa tangu mwaka 1984, ina bampa ya chuma ambayo hutobolewa na kumaliza habari. Magari madogo yenye bampa ya plastiki, kama Probox, hayaruhusu hivyo. Plastiki hutetemeka na hatimaye huchanika. Breketi inabidi ipite kwenye nafasi ya chini ya shoo na kufika kwenye chuma kilichofichwa nyuma ya bampa, au ishikwe na bolti ambazo tayari zipo, kama zile za ndoano ya kuvutia gari. Kutumia bolti za kiwandani kuna faida moja zaidi: hakuna tundu jipya la kuanzisha kutu kwenye bodi.

Katika gereji za Gerezani, Dar es Salaam, au Grogan, Nairobi, kinachofuata huendelea kwa mpangilio uleule. Mistari huchorwa kwa ncha ya msumari, vituo vya matundu hugongwa kwa ponchi ili drili isiteleze, kisha hutobolewa tundu dogo la milimita 3 kabla ya kulipanua hadi kipimo cha bolti ya taa, ambayo mara nyingi ni M8 au M10. Tundu la upande wa gari hufanywa refu kwa tupa, umbo la yai, ili breketi iweze kusogezwa kidogo wakati wa kuifunga. Chuma hubanwa kwenye jiliwa na kukunjwa kwa nyundo, na fundi makini hukipiga karibu na mstari wa mkunjo ili kipande kilichobaki kisijipinde. Kingo zote hulainishwa, kwa kuwa ukingo mkali hukata waya na mkono wa anayeosha gari.

Kabla ya rangi breketi hujaribiwa kwenye gari taa zikiwa zimefungwa. Huangaliwa kama boneti inafunguka, kama namba ya gari inasomeka na kama taa haijaziba rejeta. Spotlaiti mbili kubwa mbele ya shoo hupunguza hewa inayoingia, na kwenye mlima mrefu mshale wa joto utasema. Baadaye hupakwa rangi ya msingi nyekundu, kisha nyeusi ya kupuliza. Chini ya nati huwekwa washa ya springi au hutumiwa nati yenye plastiki ndani. Nati ya kawaida pekee hulegea ndani ya wiki kwenye barabara ya matuta.

Kulenga hufanywa usiku, gari likiwa mita 10 kutoka ukutani katika ardhi tambarare. Spotlaiti huelekezwa karibu sambamba na ardhi. Taa za ukungu hushushwa zaidi na hufungwa chini.

Umeme

Taa mbili za wati 55 huvuta takriban ampea 9, hivyo huhitaji rilei na fyuzi yake. Rangi ya breketi huzuia umeme, kwa hiyo waya wa hasi upelekwe kwenye bodi.

Sheria

Ulaya, Kanuni namba 48 ya UNECE hutaka jumla ya namba za ukali zilizochapwa kwenye taa zote za mwanga mrefu zinazowaka pamoja isizidi 100. Umoja wa Ulaya uliweka pia masharti kwa ngao za mbele kupitia Agizo 2005/66/EC, kwa ajili ya usalama wa watembea kwa miguu. Katika Afrika Mashariki malalamiko makubwa ni kuwapofusha wanaokuja mbele.

Hali ya sasa

Taa ndefu za LED zimechukua nafasi ya spotlaiti za duara kwenye magari mengi. Huvuta umeme mdogo, ila hushikwa ncha mbili tu, na zile ndefu hutetemeka katikati zisipoongezewa mguu wa tatu. Safari ilirudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, Naivasha ikiwa kitovu chake, lakini barabara zake sasa hufungwa na hatua nyingi hukimbiwa mchana, kwa hiyo taa za fenda hazihitajiki tena. Breketi za taa hizo hutengenezwa bado kwa ajili ya magari ya zamani ya East African Safari Classic Rally, iliyoanza mwaka 2003.