"Ni ya kifua": historia ya kipimo na siri Bukavu

Ndugu wahitimu wenzangu, leo nawaletea historia ya jambo ambalo wengi wetu tulilikwepa tukiwa shule: kupima VVU.

Tuliosoma sekondari hapa Bukavu miaka ya 2000 tunakumbuka utani wa Kifaransa kwamba SIDA ni "Syndrome Imaginaire pour Décourager les Amoureux", yaani ugonjwa wa kubuni wa kuwakatisha tamaa wapendanao. Tulicheka sana. Lakini nani kati yetu alienda kupima? Tuliogopa, na woga ule ulikuwa na historia yake.

Kipimo cha damu kilianza kutumika mwaka 1985. Wakati huo Kinshasa tayari kulikuwa na Projet SIDA, iliyoanza 1984, na utafiti wake ukajulikana dunia nzima. Mwaka 1991 uporaji uliikumba Kinshasa na mradi ukafungwa. Mwaka 1996 habari njema zilitangazwa: dawa za mchanganyiko zinaokoa maisha. Kwetu Bukavu, 1996 ni mwaka ambao vita viliingia mjini. Sasa mtu akapime ili iwe nini? Jibu baya lilikuwa hukumu isiyo na rufaa.

Mambo yalianza kubadilika Oktoba 2003, Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) walipoanza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi hapa Bukavu. Wapo waliokuwa wanasema dawa hizi haziwezekani kwenye nchi ya vita, kwamba wagonjwa watazikatiza. Haikupita hata mwaka, jaribio lenyewe likafika: mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni 2004, mapigano yakauzingira mji na askari wa Mutebutsi na Nkunda wakauteka. Lakini mpango wa dharura ulikuwa umeandaliwa mapema, na matibabu yakaendelea. Mwaka 2007 habari hiyo ikachapishwa katika jarida la PLoS Medicine, dunia ikasoma kwamba inawezekana.

Mimi naona siri moja ya mafanikio yale tunaisahau. Mgonjwa wa 2004 alijua anaumwa nini. Mtu anayejua, risasi zikilia, dawa anaibeba pamoja na kitambulisho.

Sasa niwaeleze ya nyumbani kwetu. Mtoto wa mama yangu mdogo alizaliwa na virusi. Alianza dawa akiwa mdogo. Kila alipouliza, tulimjibu, "Ni ya kifua, unywe tu." Hata mimi mwenye diploma nilimjibu hivyo, zaidi ya mara moja. Februari 2025, M23 walipoingia Bukavu, familia ilihama kwa haraka kwenda kwa ndugu. Kila mtu alifunga mfuko wake. Siku ya tatu mama yake akamuuliza dawa ziko wapi. Akajibu bila wasiwasi, "Nimeziacha. Kifua yangu ilishapona."

Ana miaka 14. Hakuna kosa alilofanya. Alifuata tulichomfundisha: mtu akipona kifua, anaacha dawa ya kifua.

Usiku ule mama yake akamwambia ukweli. Mtoto alinyamaza muda mrefu, halafu akatuangalia mmoja mmoja: "Bote mulijua? Miye tu njo sikujua?"

Sikuwa na jibu.

Sheria ya nchi yetu ya tarehe 14 Julai 2008 inamlinda mtu anayeishi na VVU, na siri ya kipimo chake ni sehemu ya ulinzi huo. Ni sheria nzuri. Lakini siri ile ni ya mwenye damu. Sisi tuliigeuza: shangazi walijua, wajomba walijua, mwenye damu akafichwa. Tangu mwaka 2011, Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa umri wa shule waelezwe hali yao, taratibu, kadiri akili yao inavyokua. Si kwa siku moja, na si usiku wa kukimbia.

Dawa zilipatikana tena, anazinywa. Kuna siku anatununia, na tunamwachia haki yake. Juzi aliniomba nimsindikize kuchukua dawa. Njiani hatukuongea sana. Tulipofika aliingia mwenyewe, akaniambia nimngoje nje.

Ndugu zangu, tukihimiza vijana wapime, ni vizuri. Ila kuna vijana walishapimwa zamani, majibu yao yamekaa kwenye vichwa vya wakubwa. Kama yuko mmoja nyumbani kwako, msiongojee vita ndiyo imwambie. Kaeni na muuguzi wake, mpange namna ya kuanza. Na wewe uliyepitia haya, kama mzazi au kama mtoto, tueleze: mlianzaje?