South Georgia: Piga Hodi Kwanza

Wenye kisiwa hiki ni pengwini na sili. Wewe umekuja kwa meli, kwa kuwa hakuna kiwanja cha ndege, na kutoka Falkland ni takriban kilomita 1,400 za bahari isiyotulia.

Mtazame pengwini mfalme miguuni. Hajengi kiota. Yai lake moja hulibeba juu ya nyayo, akalifunika kwa mkunjo wa ngozi ya tumbo, na wazazi hupokezana kwa siku 54 hivi. Kinda lake huvaa manyoya mazito ya kahawia. Mabaharia wa zamani walimdhania ndege wa aina nyingine, na kwa kweli hafanani kabisa na mamaye.

Panya waliletwa na meli za wawindaji wa sili na nyangumi, wakala mayai na makinda kwa miaka mingi. Mwaka 2018 kisiwa kilitangazwa kuwa hakina panya tena. Ndiyo maana tunakagua viatu, mifuko na hata mikunjo ya suruali: hata mbegu moja ya mmea wa kigeni iliyonasa humo yatosha kuleta balaa kama la panya.

Ufukweni hawashuki wageni zaidi ya 100 kwa wakati mmoja. Usikae chini wala kupiga magoti, maana homa ya mafua ya ndege imefika huku. Dume la sili-tembo lililolala kama gogo laweza kufikia tani 4. Usisimame kati yake na maji. Sili wa manyoya huuma. Ukimkuta amelala njiani, zunguka wewe.