Upepo Mmoja, Pwani Mbalimbali

Katika miaka yangu ya ualimu, swali moja lilinirudia karibu kila mwaka: kati ya harikeni, taifuni na saikloni, ipi iliyo kali zaidi? Wanafunzi walidhani hizo ni dhoruba tatu, kumbe ni majina matatu ya dhoruba moja. Katika Atlantiki huitwa harikeni. Japani, China na Ufilipino huitwa taifuni. Na katika Bahari ya Hindi huitwa saikloni, neno lililobuniwa katika karne ya 19 na Henry Piddington, Mwingereza aliyekaa Calcutta. Sisi tunalo neno letu, kimbunga.

Chakula cha kimbunga ni bahari yenye joto, nyuzi 26 hivi na kuendelea. Mvuke hupanda juu na kugeuka mawingu, joto lililomo ndani yake hutoka, na joto hilo huzidi kuvuta hewa kutoka kila upande. Mzunguko wa dunia huipinda hewa hiyo, ikazunguka kufuata mwendo wa saa huku kusini ya Ikweta, na kinyume chake kule kaskazini. Karibu na Ikweta nguvu ya kupinda huwa hafifu mno, na hiyo ni sababu moja kubwa ya pwani yetu kupata vimbunga kwa nadra. Tonado ni kitu kingine kabisa. Hiyo ni chamchela kubwa inayotoka katika wingu la radi, nyembamba, na aghalabu haidumu saa nzima. Hata hivyo, ile ya Marekani ya tarehe 18 Machi 1925 ilipita Missouri, Illinois na Indiana kwa zaidi ya saa tatu, ikaua watu 695.

Lakini nikiwa mtu wa historia, naona swali la ukali wa upepo halitufikishi mbali. Swali linalofaa ni hili: kimbunga kilikuta nini?

Tuangalie Ghuba ya Bengali. Usiku wa tarehe 12 Novemba 1970, kimbunga kilipiga pwani ya nchi iliyoitwa wakati huo Pakistani ya Mashariki. Ghuba ile ina umbo la faneli, maji yake ya pwani ni ya kina kidogo, na visiwa vyake vinauzidi usawa wa bahari kwa kimo kidogo tu. Maji yalisukumwa yakapanda juu ya nchi watu wakiwa wamelala, nao hawakuwa na kilima cha kukimbilia. Walikufa watu wasiopungua 300,000. Serikali iliyokuwa mbali, upande wa Magharibi, ililaumiwa kwa kuchelewa kutoa msaada. Mwezi uliofuata, chama cha Sheikh Mujibur Rahman kilishinda uchaguzi, na mwaka 1971 nchi ya Bangladesh ikazaliwa kwa vita. Kimbunga peke yake hakikuivunja Pakistani, lakini kiliwaonyesha watu jinsi walivyothaminiwa.

Nchi hiyo changa ilijifunza. Ilijenga nyumba imara za kukimbilia, ikaandaa watu wa kujitolea wa kupita vijijini na vipaza sauti na bendera. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi, na kimbunga cha mwaka 1991 kiliua tena watu wapatao 140,000. Lakini Sidr ya mwaka 2007, iliyokuwa kali mno, iliua watu kiasi cha 3,400. Bahari ni ile ile na visiwa ni vile vile. Kilichobadilika ni watu.

Sasa tuje kwetu. Tarehe 15 Aprili 1872, kimbunga kilipiga Unguja. Wazee wetu walizijua pepo zao, kaskazi na kusi, wakapanga safari na biashara kwa kuzifuata, wala hawakuwa na sababu ya kukitazamia kitu kama kile. Bandarini vyombo vilivunjwa, na merikebu za Sayyid Barghash, aliyekuwa hata hajatimiza miaka miwili katika kiti, zikaangamia. Mashambani minazi na mikarafuu ililala chini. Na mkarafuu si muhindi: ukiupanda leo, utangoja miaka kadhaa kabla ya kuchuma.

Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo bei ya karafuu ilipopanda, wenye mali waligeukia huko kupanda mikarafuu, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash, akiwa hana manowari na hazina yake imepungua, alitia sahihi mkataba wa Waingereza wa kufunga soko la watumwa na kukataza kuwasafirisha baharini. Shinikizo lilikuwapo kabla ya kimbunga, lakini nguvu ya kulipinga ilikuwa imezama bandarini. Hata hivyo, wasomaji, tusisahau upande wa pili. Mashamba mapya ya Pemba yalitaka mikono, na kwa miaka mingi watumwa waliendelea kupitishwa kwa magendo usiku hadi kisiwa hicho. Kwa hiyo upepo ule ule uliosaidia kufunga soko Unguja ulikaza minyororo Pemba.

Mwaka 1952 kimbunga kilipiga Lindi. Machi 2019 Idai iliifunika Beira, na katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi watu zaidi ya 1,000 walikufa. Mei 2024 Hidaya ilifika Mafia. Safari za boti za Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa mapema, na mafuriko yakakata barabara ya kwenda Lindi.

Unadra huu tunauita baraka, na ni baraka kweli. Lakini una hatari yake. Mtoto wa Bangladesh anajua bendera ya hatari ina maana gani kwa sababu bibi yake aliwahi kupoteza ndugu. Kwetu vizazi viwili hupita bila kimbunga, na cha tatu huambiwa kwamba hapa havifiki. Ningependa mwaka 1872 ufundishwe katika kila shule ya pwani, si kwa ajili ya mtihani, bali ili siku redio itakaposema watu wahame mabondeni, wahame.